Siku ya Kumtetea Ngazi

Asubuhi ile baba alizunguka nyumba nzima na boksi moja kwapani, na kila nilipomwambia aliweke chini alinijibu, "Sijapata mahali pake."

Hata angetafuta mpaka jioni asingepata. Gari la mizigo lilikuwa limetushushia maboksi, mirija ya kadibodi yenye michoro ndani, na modeli za nyumba zilizofunikwa mashuka ya zamani, mpaka sebule yetu ikafanana na mji uliopigwa na kimbunga. Baba alikuwa amestaafu, na chuo kilitaka chumba chake. Mlango ulibadilishwa kitasa, naye akaambiwa kwa heshima zote aje achukue vitu vyake. Vitu vyake vilikuwa kazi za wanafunzi wote wa usanifu majengo aliowafundisha, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Walimu wengine mtihani ukiisha hutupa michoro. Baba hakutupa hata mmoja.

Mimi nilikuwa na roho juu juu kwa sababu nyingine. Mchumba wangu alikuwa njiani kuja, na jioni ileile alikuwa anasafiri kwenda kusimamia ujenzi wa hospitali katika mji wa mbali, kazi ya miaka. Wazee wake walishakuja kuniposa. Baba aliwapokea vizuri, akawasindikiza mpaka getini, akawaambia, "Nitawajibu." Hakuwajibu. Mjomba wa mchumba wangu, ambaye ndiye aliyemlea, akachoka kusubiri. Alisema kijana akiondoka mjini bila jibu, wao watajua wamekataliwa, na watatafuta kwingine.

"Wewe mtoto, kaa," shangazi aliniambia. Yeye alikuwa amewahi kiti pekee kilichobaki wazi, viatu amevivua, pochi ameipakata. "Tangu nifike unatembea. Baba yako anatembea. Mmekuwa kama kuku wanaotafuta pa kutagia."

"Sina pa kukaa, shangazi."

"Sogeza huyo hapo." Akanyooshea kidole modeli moja pana. "Huyo nani?"

"Choo Jikoni."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Anajenga hoteli."

"Mungu awasaidie wageni."

Baba hakuwa hodari wa majina ya watu. Alikumbuka makosa yao. Mwanafunzi aliyeweka nguzo katikati ya mlango wa chumba cha kulala alikuwa Bwana Nguzo mpaka leo, hata walipokutana msibani. Kulikuwa na Bibi Madirisha, ambaye nyumba yake ilikuwa na vioo kila upande na haikuwa na ukuta wa kuegemeza kitanda. Walimpenda baba hata hivyo, kwa sababu aliyaita majina hayo kama mtu anayewaita watoto wake.

Na mwanamume niliyempenda alikuwa Ngazi.

Akiwa mwaka wa pili alichora nyumba nzuri ya ghorofa moja. Sebule chini, vyumba juu, kibaraza cha kukalia jioni, mpaka sanduku la barua alilikumbuka. Alichosahau ni ngazi. Baba aliichukua modeli ile akaiweka dirishani mwa ofisi yake, na kila mwaka aliwaonyesha wanafunzi wapya. "Familia ya bwana huyu inalala juu," aliwaambia. "Nielezeni inapandaje."

Mama alipofariki nilianza kwenda ofisini kwa baba nikishafunga duka la dawa nilikofanya kazi, nimpangie rafu zake, kwa sababu nikikaa nyumbani kuta zilikuwa zinanisogelea. Jioni moja aliingia mwanamume mrefu, viatu vimejaa vumbi la saruji, akaniomba kwa adabu kama inawezekana modeli ya dirishani igeuzwe itazame ukutani. Nilipoelewa kwamba ndiye mwenyewe nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu msiba. Alisubiri. Kisha akasema, "Umemaliza? Basi njoo tuigeuze."

Nilimuuliza baadaye, tulipokwisha kuzoeana, "Kwa nini ulisahau ngazi? Sema kweli. Ulikuwa unamwaza msichana."

"Hapana."

"Sema basi ulikuwa unaniwaza mimi kabla hujanijua. Nifurahishe."

"Nilikuwa nimechoka tu," akasema. "Nilisahau."

Ndivyo alivyo. Ukimwomba akudanganye kidogo anashindwa.

Baba hayupo tena sasa. Naandika haya nisije nikasahau sauti yake ilivyokuwa siku ile.

Ngazi alipofika alivua viatu mlangoni, akasimama akitafuta pa kukanyaga. Macho yetu yalikutana juu ya rundo la mirija. Alikuwa amenyoa, na shati alilovaa ni lile nililomwambia linampendeza. Nikajifanya ninahesabu maboksi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Ngazi."

"Hata wewe, shangazi?"

"Mimi sikujui kwa jina jingine. Ukimuoa mtoto wetu nitakuita hivyo mbele ya wanao."

Baba akatokea kutoka ukumbini, boksi lake bado kwapani. "Umekuja kubeba au umekuja kuongea?"

"Shikamoo, Profesa. Vyote viwili."

"Marahaba. Anza na kubeba."

Akainua boksi zito la modeli, mikono ikamkaza. "Nipeleke wapi?"

"Chumba cha marehemu," baba akasema.

Chumba kile ndicho mama alichokuwa akishonea, na tangu azikwe hakuna aliyekifungua isipokuwa mimi, kufuta vumbi.

"Nimeshafikiria," baba akaendelea, akinitazama mimi. "Mama, utaacha lile duka la dawa. Wanafunzi watakuwa wanakuja hapa hapa kuangalia kazi za wenzao waliotangulia. Wewe ndiye unayejua kila kitu kilipo. Utawapokea, utawaonyesha, utatunza. Hii kazi inakutosha maisha."

Aliyasema kama anayekukumbusha kufunga dirisha mvua isije ikaingia. Ngazi alisimama na boksi mikononi, hakwenda mbele, hakurudi nyuma. Akanitazama. Katika macho yake niliona swali, na aibu yangu ni kwamba nami nilikuwa nalo lilelile: je, nitaweza kusema hapana?

Akaliweka boksi chini polepole.

"Profesa, basi naomba tuongee kwanza."

"Ongea."

"Wazee wangu walikuja hapa, na mpaka leo..."

Baba akainua kiganja. "Unajitetea."

"Naomba jibu tu."

"Unajitetea. Na mbele yangu hakuna mwanafunzi aliyewahi kujitetea. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Kila aliyepita kwa baba aliijua sheria ile. Siku ya kutetea michoro, katika vyumba vya walimu wengine kila mtu alisimama mbele ya kazi yake akaisifu. Kwa baba ulisimama mbele ya kazi ya mwenzako. Ulipewa siku chache za kuisoma, kisha ukaitetea kana kwamba ni yako, na mwenye kazi akakaa kimya kwenye benchi akikusikiliza. Baba alisema mtu akijisemea hujipamba, lakini akimsemea mwenzake inambidi amwelewe. Wengine walilia kwenye benchi lile.

"Hapa si darasani, kaka," shangazi akasema.

"Michoro iko hapa. Mimi niko hapa. Mwanafunzi yuko hapa. Unataka darasa gani lingine?"

"Sawa," Ngazi akasema. "Nimtetee nani?"

Baba akafikiri. Nadhani alitaka kumkomoa tu, ili mazungumzo yafe na ubebaji uendelee.

"Nitetee mimi," akasema.

Ngazi akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kusimama ukutani, mahali penye nafasi, mikono nyuma, kama walivyokuwa wakisimama. Nilimjua baba. Nilidhani mchumba wangu angeona upenyo pale: angemtetea ovyo, atuchekeshe, kisha angeomba tena kwa upole, na shangazi angemsaidia.

"Profesa hajakataa," akaanza. "Amekaa kimya. Ukiulizwa swali ambalo kila jibu lake litakuumiza, unanyamaza. Mimi simlaumu kwa hilo."

"Endelea," baba akasema.

"Siku moja nilikuja hapa nikaketi kwenye kile kiti cha shangazi. Profesa alikuwa chumbani. Akaita jina la marehemu. Akauliza miwani yake iko wapi." Akanigeukia mimi. "Wewe ukamjibu kutoka jikoni. Juu ya friji. Hukushtuka, hukumsahihisha. Ulijibu kama vile ni wewe uliyeitwa. Akaja, akaichukua, akarudi. Wala hakujua ameita nani."

Shangazi aliacha kuchezea kamba ya pochi yake.

"Nikasema moyoni, nikimchukua huyu, kuna siku mzee ataita, na nyumba itanyamaza. Siku hiyo ndipo atakapojua mke wake amekufa. Mpaka leo hajaambiwa vizuri, kwa sababu kila akiita kuna anayeitika. Sisi tunamwomba aupokee msiba ule peke yake, humu ndani, ili sisi tufurahi. Kwa hiyo akinyamaza ana haki. Na akitaka binti yake abaki, ana sababu kubwa kuliko zangu." "Nimemaliza."

Baba alikaa juu ya boksi lililokuwa karibu naye, likabonyea. Hakuliangalia. Alikuwa anatazama mlango wa jikoni.

Mimi sikuweza kusimama pale. Nilipita katikati ya modeli, nikasikia kitu kikivunjika chini ya mguu wangu, sikugeuka. Jikoni nilifungua bomba nikaanza kuosha kikombe.

Ngazi alinifuata. Nilijua ni yeye kwa jinsi alivyosimama bila kusema.

"Umemtetea vizuri," nikamwambia. "Hongera. Sasa nenda kapande basi lako."

"Umekasirika."

"Kwa nini nikasirike? Nimekungoja mpaka wadogo zangu wa ukoo mzima wameolewa. Leo unasimama unamwambia baba yangu asinitoe."

"Aliniambia nimtetee."

"Ungemtetea vibaya."

"Sijui kumtetea mtu vibaya."

"Watu wote hudanganya kidogo siku kama hii. Unasema, Profesa, hutakuwa mpweke, tutakuja kila sikukuu, tutapiga simu. Hukuweza kusema hayo?"

"Hayo nitayafanya. Lakini siyo dawa, na wewe unajua siyo dawa." Akasogea karibu. "Nikikuficha leo, utakuja kuyajua kule, ukiwa mbali naye, ukiwa huwezi kukimbia ukamjibu miwani iko wapi. Utanichukia. Mimi nataka uje ukijua unachokiacha."

"Na nikijua, nikashindwa kuja?"

Maji yalikuwa yanaendelea kumwagika. Akanyoosha mkono, akafunga bomba.

"Kikombe hicho ni kisafi," akasema.

"Najua."

"Jana nilipokwenda kukata tiketi," akasema, akiitazama mikono yangu iliyolowa, "yule dada wa dirishani aliniuliza, watu wangapi. Nikasema wawili. Ikabidi nianze kumweleza hapana, mmoja, samahani. Watu nyuma yangu wakaanza kuguna. Nilijua kabisa hatuwezi kusafiri wote leo. Mdomo tu ulijisemea."

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Aliinua mkono kama anayetaka kunifuta, akakumbuka nyumba aliyomo, akaurudisha. Tukabaki hivyo, hatua moja kati yetu, na ilinichoma zaidi kuliko kama angenikumbatia. Nilimtazama shingo, kola ya lile shati, kovu dogo la kidevuni alilopata kwenye jukwaa la mafundi. Nilikuwa nalikariri kwa hofu, kama mtu anayezima taa za nyumba asiyojua kama atarudi.

"Njooni," shangazi akaita. "Njooni upesi. Kaka yangu anataka kukimbia zamu yake."

Tulimkuta baba amesimama, boksi kwapani tena, na shangazi amemzibia njia kwa kiti chake.

"Zamu gani?" baba alikuwa akisema. "Mimi ni mwalimu. Mwalimu hatetei."

"Mwalimu amestaafu. Wamebadilisha kitasa." Shangazi hakuwa na huruma. "Sheria uliitunga mwenyewe. Kijana amekutetea mpaka mimi nimetaka kulia, na mimi silii ovyo. Sasa na wewe mtetee yeye."

"Unanionea, dada."

"Nakuonea. Anza."

Baba alikwenda dirishani. Akarudi. Akagusa mrija mmoja, akaunyoosha sawa na mwingine, akaenda tena dirishani. Wote tulisimama tukimfuata kwa macho. Mwishowe akafika mezani, akasukuma michoro pembeni kwa kiwiko, na boksi alilolibeba tangu asubuhi akalitua pale. Akalifungua boksi.

Ndani mlikuwa na modeli ya nyumba ya ghorofa moja, kadibodi nyeupe iliyoanza kuwa njano. Mimi niliyepanga rafu zile zote sikuwa nimewahi kuiona.

"Hii ilikuwa wapi?" nikauliza.

"Kwenye kabati la koti langu."

Ngazi alisogea, akainama. "Profesa, hii ni ya pili. Nilidhani uliitupa."

"Mimi situpi. Na wewe kaa kimya, uko kwenye benchi." Baba akainua paa la modeli kwa vidole viwili. "Angalieni. Mwanafunzi huyu aliletewa swali: familia yako inapandaje. Wengine nikiwauliza hivyo hujibu, kalamu iliisha, mwenzangu aliniharibia, karatasi ilikatika. Bwana Nguzo aliniambia nguzo ile ni ya kupendezesha. Huyu alisema, nimesahau, Profesa. Basi. Akauliza ataiweka wapi. Nikamwambia hakuna nafasi, ukiiweka itabidi ubomoe kile chumba kikubwa cha juu. Kile kilikuwa chumba kizuri kuliko vyote. Kina dirisha la mashariki. Alikichora kwa mapenzi, unaona mwenyewe mchoraji alipofurahi."

Akapitisha kidole ndani ya modeli, mahali chumba kile kilipokuwa.

"Alikibomoa. Hakulalamika, hakununa. Akapitisha ngazi humu katikati, na kile kilichobaki akakifanya kichumba cha kusomea, kidogo, lakini ukiingia unataka kukaa. Nimefundisha watu wengi. Wenye vipaji kuliko yeye nimewaona. Watu wa kukata kitu chao kizuri ili wengine wapite, hao nimewaona wachache. Ile ya dirishani niliwaonyesha watu wacheke. Hii sikumwonyesha mtu."

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu hii haikuwa ya kucheka."

Shangazi akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo unasemaje, kaka?"

"Sisemi. Natetea." Paa la modeli lilikuwa bado mkononi mwake. Akalirudisha mahali pake, likakaa upande, hakulinyoosha. Kisha akamgeukia Ngazi ghafla. "Mjomba wako ana simu?"

"Anayo."

"Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nikimsemea mwingine ulimi wangu unanyooka. Mkiniacha nikae chini nitaanza kujisemea mwenyewe, na mimi najijua. Nitashinda."

Ngazi alitoa simu mfukoni. Vidole vyake, vinavyochora mstari bila rula, vilikosea namba mara mbili. Ilipoanza kuita akampa baba. Baba akaishika sikioni kwa mkono wa kulia, akasimama akiwa amenyooka kama anayengoja kuitwa mbele. Mkono wake wa kushoto ukapapasa hewani, ukanipata, ukanishika kifundo cha mkono.

"Mzee mwenzangu," akasema. "Mimi hapa, baba wa binti. Nzuri, nzuri. Ndiyo, nimechelewa, mnisamehe... Hapana, hakuna tatizo na kijana. Kijana tunamjua hapa tangu zamani." Akakohoa. "Nimekupigia kukujibu. Jibu letu ni ndiyo."

Vidole vyake vilikaza. Shangazi alijifunika uso kwa upande wa mtandio. Ngazi alikuwa ananitazama mimi, macho yamemjaa; kisha akauona ule mkono, akainamisha kichwa.

"Ndiyo, kabisa," baba akaendelea kusema kwenye simu. "Kwa moyo mmoja. Njooni mpange siku. Hapana, mimi sina sharti lolote. Mchukueni."

Alipotamka neno hilo alinibana mpaka nikasikia maumivu kwenye mfupa. Mdomo wake ulikuwa umeshanitoa. Mkono ulikuwa bado haujaambiwa. Upande wa pili mjomba alikuwa anacheka kwa furaha, anaita watu wa nyumbani kwake waje wasikie, na baba anaitikia, ndiyo, ndiyo, asante, huku amenishika hivyo hivyo. Nami sikuutoa mkono wangu.